Mimba ya kwa Kambale

Ganda moja la mupunga liliingia katikati ya meno yangu siku ya tatu ya matanga ya ndugu yangu mukubwa Kambale, hapa Butembo, nami nikalizungusha kwa ulimi muda mrefu. Lilikuwa tupu. Muchele wa siku hizi unatoka mbali, ndani ya mifuko yenye maandishi nisiyoweza kusoma, umepita mu mashine hata unang'aa kama meno ya mutoto, na kukuta ganda ndani yake ni bahati, sijui nzuri ao mbaya. Nililitoa, nikaliweka juu ya goti, nikalitazama. Wamama walionizunguka walidhani ninamulilia Kambale, na mumoja akanipa kitambaa. Nilikipokea, lakini sikuwa ninamulilia Kambale. Nilikuwa nimerudi kwenye shamba letu la karibu na Beni, mwaka ule mvua ilipotukatalia, nikiwa na miaka kumi na tisa na kichwa kigumu. Habari za baba yangu na babu yangu nitaziacha. Kila mutu alizaliwa na mutu, na hizo hazisaidii kitu hapa.

Jambo lenyewe lililonikaa rohoni mu matanga ni hili. Kasereka, mujukuu wa Kambale, muvulana wa kuendesha moto, pikipiki ya abiria, pale kwenye muzunguko wa rond-point, anataka kuoa binti mumoja anaitwa Kahindo. Kahindo ni mushonaji, mupole, alikimbia vita upande wa Beni pamoja na mama yake, wanakaa ndani ya chumba kimoja cha kupanga. Hakuna mutu aliyemuona na kosa. Lakini Kahindo ni mujukuu wa muzee Paluku, na mu ukoo wetu jina la muzee Paluku halitajwi mezani. Wanasema ni mutu aliyekula mimba kwa kinywa chake. Kambale mwenyewe, kabla ya kufa, alisema hapana, uzao wa kinywa kibaya hautaingia nyumbani mwake. Sasa wazee walikuwa wamepanga kulikata neno lile siku ya kumaliza matanga, na mimi nilijua kitu ambacho nilikuwa nimekikalia zaidi ya miaka makumi mane.

Masika, mujane wa Kambale, alikuwa pembeni yangu na sinia la muchele juu ya mapaja, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Yeye hata akifiwa na mume hawezi kukaa mikono mitupu.

"Kavira, we unachambua muchele ao unauombea?"

"Yaya," nikamwita kama dada mukubwa, "unakumbuka ile mwaka ya jua?"

Mikono yake ilisimama. Kisha ikaanza tena.

"Mama mukwe alikufa. Muzee Paluku alikufa. Bwana yangu njo huyu tumemuzika. We unataka kufufua nani?"

Nikanyamaza. Kunyamaza ninajua, ni kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote.

Mwaka ule tulishuka kutoka Vuhovi, mama, Kambale, Masika na mimi, kwa sababu kule juu mashamba yalikuwa yamekatwa-katwa hata mutu akinyoosha muguu umefika kwa jirani. Upande wa Beni kulikuwa na joto na msitu na nafasi. Tulijenga nyumba ya udongo, vyumba viwili, na jikoni ya majani nje. Chumba cha mama kilinusa samaki ya chumvi, kwa sababu Kambale alikuwa ameanza kwenda Kyavinyonge kuchukua samaki ziwani na kuziuza Beni, na vifurushi vililala kwa mama ili panya wamuogope. Panya walimuogopa, na sisi pia. Mimi nililala chumba kimoja na jembe na mifuko, na ukuta kati yangu na mama ulikuwa mwembamba hata nilisikia akitafuta usingizi. Chakula chetu kilikuwa bugali ya mihogo na sombe, majani ya mihogo, yenye mawese, na kichwa cha samaki kilichozungushwa ndani ya chungu siku tatu kabla hakijaliwa. Ninakumbuka ile harufu kuliko sura ya mama yangu, Mungu anisamehe.

Sisi watu wa Vuhovi, kule kwenye baridi, tulijua maharagi, viazi na mahindi. Mupunga tulikuwa tumeuona ndani ya sahani tu, tena siku ya Noeli. Kule Beni watu waliulima kwenye kilima, bila kuufungia maji kama wanavyofanya watu wa bondeni. Unachimba vishimo, unaweka mbegu tano-tano, unafunika kwa muguu, kisha unatazama juu. Mupunga wa kilima unakunywa kinachoanguka tu. Aliyetufundisha alikuwa jirani yetu muzee Paluku, mufiwa na muke, mwembamba, kofia yake imekula jasho hata haikuwa na rangi. Alikula akiwa amesimama, kama mutu anayengoja gari. Alikuwa Mukatoliki, na sisi ni Waprotestanti, basi mama alisema mupunga wa Paluku unaota vizuri kwa sababu anauombea Kilatini. Muzee akajibu: "Mama, njoo siku moja usikie, pengine utaongoka." Mama alicheka. Ninaandika hili ili ijulikane kwamba walianza kwa kucheka.

Paluku alimwambia Kambale: mvua ya kwanza ikianguka, panda, usingoje ya pili. Kambale akasema ndiyo, akaenda Kyavinyonge. Alikaa kule majuma matatu. Sisi wanawake tulikuwa tumekwisha kulima, lakini mama alikataa mbegu iingie udongoni bila mkono wa mwenye shamba, ile ni desturi yetu ya juu, na desturi haiulizi mvua. Tukapanda tukiwa tumechelewa. Mupunga ukaota vizuri, ukafika kwenye magoti, na hapo mvua ikakatika kama kamba.

Mimi sikusoma sana, miaka mitatu tu, lakini ule mwaka nilijifunza kusoma majani. Kwanza jani linajikunja katikati ya mchana, linakuwa jembamba kama sigara, na magaribi linafunguka tena. "Hapo bado inacheza," muzee Paluku aliniambia. "Inafunga mulango ili jua isiingie." Kisha likaanza kujikunja saa nne, kisha saa mbili, na siku moja nikakuta asubuhi, umande bado mu njia, majani yote yamekunjwa. Vichipukizi vya pembeni, ambavyo vilipaswa kuwa kumi mu shimo moja, vikawa vitatu, vine. Ncha zikawa za manjano, kisha za rangi ya majani makavu. Mupunga uliopaswa kunifika tumboni ulibaki chini ya magoti, na ukawa mupunga muzee ndani ya mwili wa mutoto. Nilikuwa nikipita mistari ile ninajisikia aibu, kama nimeingia nyumba ya watu wanaokufa njaa na mimi nimeshiba.

Chemchemi ya bondeni nayo ikapunguka. Ilikuwa inatoka kama mukono, ikatoka kama kidole, ikawa kama uzi. Kujaza bidon moja, dumu la maji, ulikaa hata ukamaliza habari zote za kijiji. Mama akaweka sheria: maji ya kunywa na ya kupika tu, kuoga ni uso na miguu, kufua ni Jumamosi. Na kwa sababu ya ile sheria ninakumbuka asubuhi moja. Nilikuta Masika ku chemchemi, jua halijatoka, amemaliza bidon nzima kwa kufua kitenge kimoja. Alikuwa amebeba mimba ya mwezi wa tano hivi. Kwetu neno lile halisemwi nje. Tunasema mwili wake ni muzito, na neno lenyewe linabaki ndani ya nyumba. Kabla ya ile alikuwa amepoteza mbili. Nilimusaidia kubeba, na mama akatungoja mulangoni.

"Bidon nzima? Juu ya kitenge? Masika, we ni binti ya gavana?"

"Mama, ilichafuka."

"Ilichafuka! Na mupunga inakauka, na sisi tunakauka, yeye anafua!"

Masika aliingia, akalala muchana wote, na mimi nilimuonea wivu kwa sababu mutu mwenye mwili muzito alikuwa na ruhusa ya kulala.

Na siku moja kabla ya hapo nilikuwa nimesikia, kupitia ule ukuta wangu mwembamba, mama akimwambia Kambale: "Mbili zimetoka. Hii ikitoka, utamurudisha kwao. Shamba yenye haizai mutu anairudishia mwenyewe." Nilisikia tu Kambale anavuta kiti. Ikiwa mimi nilisikia kutoka chumba changu, basi Masika aliyekuwa kwenye baraza alisikia pia, lakini akili hiyo ilinijia nikiwa muzee.

Siku mbili baada ya kile kitenge, muzee Paluku alipita shambani kwetu, akaniita. Mashina yalikuwa yameanza kuvimba kidogo juu, chini ya jani la mwisho. Alikata bua moja, akalipasua taratibu kwa ukucha wa kidole gumba, akanionyesha ndani: suke dogo, jeupe, laini kama nywele za mutoto, limekunjwa na kulala.

"Unaona? Hii njo mimba."

"Mupunga inakuwaga na mimba?"

"Kila kitu chenye kitazaa kinakuwaga na mimba, binti. Ikiwa mutoto, itavumilia kiu. Unaipa maji baadaye, inasahau. Lakini kama iko na mimba, haisahau. Siku kumi bila maji hapa, suke itakwama ndani, ama itatoka nyeupe, maganda bila kitu."

Tukatembea hadi karibu na jikoni yetu. Bado alikuwa ameshika lile bua. Akageuka, akatazama kilima chetu chote, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya mutu mwenye masikio yanayokufa, yaani sauti kubwa: "Mimba ya kwa Kambale haitafika. Itatoka bure. Maji hakuna."

Ndani ya jikoni muchi wa mama, uliokuwa ukitwanga sombe, ulinyamaza.

Muzee hakuona kitu. Aliniambia tuokoe mistari kumi na miwili ya kwake, ile ya chini, kwa ajili ya mbegu tu, maana mbegu yake ilikuwa ya zamani, alipewa na watu wa msituni, nafaka fupi nyekundu, na hakuna mwengine aliyekuwa nayo. Tukaanza siku ile ile. Bidon ya litre makumi mbili, mara ine kwa siku, na kopo lililotobolewa misumari chini, tunamimina ku shina, si ku majani, polepole kama unanywesha mugonjwa. Shingo yangu iliuma. Nilikuwa na furaha, ninawaambia ukweli, furaha ya mutu anayejua jambo.

Siku mbili tu. Kisha Masika akamwambia mama kwamba mimba imetoka.

Sitaandika kilio cha mama. Aliweka maneno na tukio pamoja kama mutu anayefunga vifungo vya shati, na ilipofika magaribi kijiji kizima kilikuwa kimevaa lile shati. Nyumba nyingi za pale zilikuwa za watu walioshuka kutoka juu kama sisi. Wenyeji wa msitu, ambao walijua mupunga na maneno yake, walikuwa wachache, nao hawakuingilia mambo yetu sisi Wanande. Kesho yake tukaketi kwa kapita, mukubwa wa kijiji, ndani ya ua lake, jua kali, watoto wamefukuzwa. Muzee Paluku alisimama na kofia mukononi.

"Mi nilisema mupunga," alisema. "Mupunga iko na mimba. Nilisema ya mupunga."

Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka kama ningekuwa mugeni. "Na maharagi je, inanyonyesha?" mumoja akapaaza sauti. "Viazi ilishafunga ndoa?" Kambale hakucheka. Kambale alikuwa akitazama chini, na mimi nikaelewa uso wake. Kwa maana kama kinywa cha Paluku kiliua mimba, basi kiliua na mupunga pia, na hakuna mutu atakayeuliza tena yale majuma matatu ya Kyavinyonge.

Kapita akaniita. "We binti, ulikuwa naye. Alisema nini?"

"Alisema mimba ya kwa Kambale haitafika."

"Mu yale maneno, alisema mupunga?"

Mama alinitazama. Kambale alinitazama. Muzee Paluku hakunitazama kwa woga hata kidogo. Alikuwa ametulia, kama mutu aliyefika mulangoni kwake na kumukuta mutoto anayemujua amekuja kufungua.

"Hapana," nikasema. "Mu yale maneno hakusema mupunga."

Sikusema uongo hata neno moja. Njo kitu kinachoniumiza. Kama ningesema uongo ningeutubu kanisani, pasta angeniombea, tungeimba. Lakini ukweli uliokatwa kichwa unautubu kwa nani? Kitu nilichoacha kusema ni kidogo sana: lile bua lilikuwa mukononi mwake.

Alihama siku ya tatu na mutoto wake muvulana, godoro kichwani, kuelekea upande mwengine wa Beni. Alipita mbele ya nyumba yetu. Alisema, "Wasingya, Kavira," asante, kwa Kinande, na hadi leo sijui asante ya nini. Pengine ya maji. Mimi nikaendelea kubeba bidon mu ile mistari kumi na miwili, siku nane zaidi, kwa kujificha, nikimwambia mama ninatafuta kuni. Ilichanua. Majani yake yalikuwa wazi saa sita ya muchana, wakati kilima chote kilikuwa kimejifunga. Na ulipofika wakati, mistari kumi na miwili iliinamisha vichwa, na mashamba mengine yote, ya kwetu na ya wengine, yalisimama wima, meupe, mazuri kutoka mbali. Mutu asiyejua angesema wale waliosimama njo wazima. Nilikamata suke moja la kwetu, nikasugua mukononi, nikapuliza: yote ikaruka. Hakikubaki kitu ndani ya mukono wangu isipokuwa vumbi.

Nilivuna ile ya muzee kwa kisu, kikapu kimoja. Nilitaka kumupelekea. Nilikiweka chumbani kwangu, nikasema nitakwenda juma lijalo, na juma lile likazaa jingine. Noeli ikafika, na ndani ya nyumba hakukuwa na kitu, hata samaki. Mama akaona kikapu. Akatwanga, akapika, akaomba kabla ya kula, sala ndefu. Tuliila yote. Ilikuwa tamu, ninasema ukweli, nyekundu kidogo, inanusa kama mukate. Masika peke yake hakula. Alisema jino linamuuma. Ile mbegu haikuonekana tena upande wetu, wala sijasikia mutu aliye nayo.

Mwaka uliofuata mvua ilirudi, na Masika akazaa, kisha akazaa tena, watoto wane. Watu wakasema: munaona? Paluku alitoka, tumbo likafunguka. Mvua pia waliiweka kwenye hesabu ile. Hivyo ndivyo muzee alivyohukumiwa mara ya pili, na safari hii hakuwepo hata kujitetea.

Siku ya kumaliza matanga tuliketi chini ya hema, baridi ya Butembo inapita miguuni. Mukubwa wa ukoo wetu, Mbusa, ambaye ana sauti ya kanisa hata akiomba chumvi, alifika kwenye neno la Kasereka. Kahindo alikuwa nyuma, karibu na jikoni, anaosha masahani. Alikuja kusaidia kazi, kwa maana hata watu wanaokataliwa wanaruhusiwa kuosha masahani. Mbusa akasema marehemu alikwisha kukata neno, na neno la marehemu ni neno.

Nikasimama. Masika akashika kitenge changu, akanivuta nikae.

"Ikala, Kavira."

"Muzee Paluku alikuwa ameshika bua ya mupunga mukononi," nikasema. "Aliipasua na ukucha, akanionyesha. Mimba alisema ilikuwa ya mupunga. Kapita aliniuliza, mi nikaficha ile bua. Njo kosa yangu, hapana ya huyu mutoto."

Kisha Mbusa akatabasamu, kwa upole, kama anavyotabasamu kwa wazee waliochoka.

"Mama Kavira, pole. Matanga inachokesha. Sawa, tuseme ya mupunga. Na ile ya mama Masika yenye ilitoka je? Nayo ilikuwa mupunga?"

Vijana wawili wakacheka ndani ya mikono. Miaka yote ile sikuwa na jibu la swali lile, na labda njo sababu nilikaa kimya: nusu yangu ilikuwa inaogopa kwamba kinywa cha muzee kilifanya kweli yote mawili.

Nikasikia kitenge changu kimelegea. Masika alikuwa amekiachilia. Hakusimama. Alivua miwani, akaiweka ndani ya sinia tupu, akawa anasema na mikono yake mwenyewe, lakini kila mutu alisikia, hata kule kwenye masahani, kwa maana maji yaliacha kulia.

"Yangu ilitoka siku mbili kabla ya maneno ya muzee," alisema. "Nilifua damu ya kitenge ku chemchemi, jua haijatoka, maana niliogopa kurudishwa kwetu. Mama mukwe alinigombeza juu ya maji."